Fangasi wa Mizizini: Washirika wa Mimea Wenye Kazi Tofauti

Fangasi wanaoshirikiana na mizizi hupokea sukari kutoka kwa mmea, nao huupatia maji na virutubisho. Hata hivyo, kazi zao hutofautiana. Fangasi wa mahindi, mtama na mihogo hupenya ndani ya seli za mizizi na hufyonza hasa fosforasi iliyo mbali na mizizi. Wale wa miti ya miombo huzingira ncha za mizizi, na baadhi yao huchota naitrojeni katika majani yanayooza. Hao ndio huzaa uyoga mwingi unaoliwa mikoani Tabora, Katavi na Iringa. Uyoga huo haustawi bila mti wake. Hivyo, msitu unapofyekwa, chakula na kipato cha wachumaji hutoweka pamoja nao.