Besi ya Nani? Umiliki wa Vyombo vya Muziki kutoka Dar es Salaam hadi Benaco

Uamuzi wa kununua au kutonunua gitaa la besi la bei kubwa huonekana leo kuwa jambo la mpigaji na mfuko wake, lakini katika sehemu kubwa ya historia ya muziki wa dansi Tanzania mpigaji hakuulizwa, kwa kuwa vyombo, neno ambalo wanamuziki hulitumia kwa magitaa, dramu, vipaza sauti na spika kwa pamoja, vilinunuliwa na chama, shirika la umma au mfanyabiashara, naye akavikuta jukwaani. Thamani ya besi kwa hiyo ilipimwa kwa mapato ya bendi nzima na kwa masharti ya mwenye vyombo, na ni kwa kufuata jinsi umiliki huo ulivyobadilika ndipo inapoeleweka kwa nini ununuzi huo umekuwa mzigo wa mtu binafsi au wa kikundi kidogo, hasa katika mji wa njiani kama Benaco, wilayani Ngara mkoani Kagera, ulio mbali na kumbi za Dar es Salaam.

Gitaa la besi la umeme ni chombo cha karne ya 20. Leo Fender, fundi wa Fullerton, California, alilitoa sokoni mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass, likiwa na nyuzi nne zenye sauti ya chini kwa oktavo moja kuliko nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, na likachukua nafasi ya besi kubwa ya kusimama, ambayo ilikuwa nzito kusafirisha na ambayo sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Gharama yake haiishii kwenye bei ya gitaa lenyewe, maana mbao zake ngumu zisizo na uwazi ndani hazitoi sauti ya kutosha hata chumba kimoja, hivyo huhitaji amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, pamoja na spika kubwa na umeme wa uhakika.

Bendi za mwanzo za mijini hazikukabiliwa na gharama ya aina hiyo. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, na zilizoifuata, kama Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zilikuwa na sura ya vyama vya burudani ambavyo wanachama wake wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na chombo kilikuwa mali ya chama kwa maana halisi, kikibaki klabuni hata mpigaji alipohama. Kanuni hiyo ilidumu baada ya uhuru, ila mwenye mali akawa mkubwa zaidi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara wa mwezi, na baada yake jeshi, polisi, umoja wa vijana wa chama tawala na kiwanda cha nguo cha Urafiki vikawa na bendi zao. Mlimani Park Orchestra iliundwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na kampuni hiyo ilipoanguka mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wapigaji walibadili mwajiri, na vyombo vikahama daftari moja la mali kwenda jingine.

Utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa kwa besi kuliko kwa chombo kingine chochote. Katika dansi la Tanzania besi haitembei mfululizo chini ya wimbo, bali hupigwa kwa vifungu vifupi vyenye mapengo, ikijibizana na magitaa ya solo na ridhimu, hasa wimbo unapoingia kwenye chemko, yaani sehemu ya mwisho ya kasi inayowainua wachezaji. Upigaji wa namna hiyo, ambao Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park aliufikisha kiwango cha juu, hutaka mazoezi ya pamoja na maonyesho ya mara kwa mara, na mshahara wa mwezi uliwapa wapigaji nafasi hiyo bila kuwadai bei ya nyuzi.

Udhaifu wake ulionekana fedha za kigeni zilipoadimika. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, vilivyoanzia mkoani Kagera, pamoja na bei ya mafuta na udhaifu wa mashirika ya umma, vilifanya bidhaa za nje kuwa adimu, na gitaa halikuweza kutangulia dawa na vipuri katika foleni ya maombi ya fedha hizo. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikopatikana, na nguvu ya mfanyabiashara mwenye vyombo ikaongezeka. Hugo Kisima, mmiliki wa Safari Sound, aliweza mwaka 1985 kuwavuta mwimbaji Muhiddin Maalim na wenzake kutoka Mlimani Park na kuunda kikosi kilichojulikana kwa mtindo wa Ndekule, wakati Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vyake. Jina hilo linaonyesha uzito wa umiliki waziwazi, kwani mtunzi aliyejulikana hadi Ulaya alitambulishwa jukwaani kwa jina la mtu aliyelipia spika. Njia ya tatu, ambayo wachache waliiweza, ilikuwa ile ya Orchestra Maquis, bendi yenye asili ya Zaire iliyohamia Dar es Salaam miaka ya 1970, ambayo wanamuziki wake walijiunga katika kampuni yao, OMACO, ili mapato na vyombo vibaki mikononi mwao.

Mkoa wa Kagera ulifuata historia hii kwa mbali, kwa sababu ulikuwa na sauti zake za chini ambazo hazikuhitaji duka wala bandari. Ala inayoitwa enanga na Wahaya, na inanga na Warundi na Wanyarwanda wanaopakana na Ngara, huchongwa kwa ubao mmoja wenye umbo la kihori, na uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huko juu yake hadi ukatoa nyuzi kadhaa, zikiwamo za sauti ya chini ambazo mtambaji huzitumia kushikilia masimulizi yake ya mashujaa na watawala. Thamani yake ilikuwa katika mti, muda wa fundi na kumbukumbu ya mpigaji, na yeye ndiye aliyeimiliki.

Benaco yenyewe ilipata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi hapo, na ikajulikana duniani mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo, mpakani, ndani ya muda wa siku moja hivi, wakaifanya kambi kuwa mojawapo ya makazi makubwa kabisa nchini hadi waliporejeshwa kwao Desemba 1996. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ilitokana na hali hiyo, na hivyo wilaya iliyokuwa pembezoni mwa mawimbi ya Dar es Salaam ikapata kituo chake cha redio. Baada ya kambi kufungwa ulibaki mji wa malori, kwenye barabara kuu itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenda mpakani.

Katika mazingira kama hayo, mnunuzi wa besi anayefanana zaidi na chama cha zamani ni kwaya ya kanisa. Tangu miaka ya 1990 kwaya nyingi nchini, za mijini kama Uinjilisti Kijitonyama na AIC Chang'ombe na za vijijini zilizosikiliza kanda zao, zimeimba kwa magitaa ya umeme, na vyombo hununuliwa kwa michango, mauzo ya rekodi na harambee, kisha hukaa kanisani chini ya uangalizi wa mweka hazina. Umeme ulikuwa kikwazo, maana Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umepunguza kikwazo hicho kwa kiasi.

Historia hii yote inampa mnunuzi wa leo kipimo kilicho wazi. Besi ya bei kubwa ililipa pale ilipokuwa na spika ya kuisemesha, wenzake wa kuijibu na jukwaa la kila wiki, na ilipokosa kimojawapo, ilibaki mtaji uliolala, hata kama mbao zake zilikuwa bora. Kwa kwaya au kikundi cha Benaco ambacho hakijapata amplifaya ya kutosha, fedha hizo zina kazi nzuri zaidi kwenye spika na gitaa la bei ya kati. Kwa mpigaji mwenye kazi ya kudumu hali ni tofauti, kwa sababu anachonunua kinazidi sauti: mwenye besi yake anaweza kuondoka na kazi yake bila kuomba ruhusa ya mwenye vyombo, uhuru ambao kizazi cha mishahara na kile cha wafanyabiashara kwa kiasi kikubwa hakikuwa nao.