Daftari la Kisima

Mwanachama wa ushirika ajua thamani ya daftari. Karani wa ghala akiandika uzito wa mazao bila kuyaweka mizanini, mkulima amekwisha kuibiwa, hata kama hesabu imeandikwa kwa hati nzuri. Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, yafaa tukumbuke ya kuwa kisima nacho kina daftari lake, na uongo wa daftari hilo hulipwa kwa roho za watu.

Walkerton ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Maji yake yalitoka visimani. Kisima chake cha tano, kilichochimbwa mwaka 1978, kilikuwa cha kina kifupi. Mwamba wake ulikuwa na nyufa, na karibu nacho palikuwa na shamba la ng'ombe. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikaingiza kisimani uchafu wa samadi wenye vijidudu vya hatari viitwavyo E. coli. Watu 7 walikufa, na wapatao 2,300 waliugua.

Jaji Dennis O'Connor aliuchunguza msiba huo, akatoa taarifa zake mwaka 2002. Mwenye shamba hakulaumiwa, kwani alifuata kanuni za ukulima mwema. Waendeshaji wa maji ndio waliopaswa kupima dawa ya klorini kila siku. Badala yake waliandika tarakimu za kubuni. Wala hawakuwa na nia ya kuua: wao wenyewe waliyanywa maji yasiyotiwa dawa, wakiamini kuwa ni salama. Maabara ilipogundua uchafu, msimamizi aliwaficha maofisa wa afya, hata maofisa hao wakawaonya watu kwa uamuzi wao wenyewe tarehe 21 Mei. Wakaguzi wa serikali nao walikuwa wamefika mjini miaka ya nyuma, wasiufichue uongo huo.

Mwaka 2002 Ontario ilitunga sheria mpya ya maji ya kunywa, inayodai waendeshaji wenye vyeti na maabara zitoe habari mara moja.

Basi, ndugu wanachama, maji maangavu si ushahidi. Kila penye kisima cha jumuiya tuulize: nani hupima, nani humkagua mpimaji, na matokeo husomwa wapi mbele ya watu? Tumezoea kuwauliza hivyo makarani wetu wa mizani. Tusione haya kumwuliza mtunza kisima.