Upembuzi wa Maandishi

Jumamosi moja jioni mwalimu wa shule ya hapa Nyansiongo, mji wa Borabu katika kaunti ya Nyamira, alinijia na mswada wa tasnifu yake ya uzamifu ndani ya bahasha ya kaki iliyoloa pembeni, kwani mvua ya alasiri ilimkuta njiani. Anatafiti bembelezi wanazoimbiwa watoto wa Abagusii. Alifungua moja kwa moja Sura ya Pili. Kichwa chake, "Upembuzi wa Maandishi", kilikuwa kimekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake mjumbe wa jopo la kutathmini tasnifu alikuwa ameandika: "Mapitio ya Fasihi".

"Mwalimu, wamesema hilo neno lako halimo kwenye mwongozo," aliniambia.

Neno ni langu kweli na sitalikana. Nililipendekeza miaka iliyopita katika kikao cha istilahi, nikalieleza kwa kirefu, na kumbukumbu za kikao zikaandika tu kwamba mjumbe kutoka Nyamira alitoa maoni. Leo mwongozo uliozaliwa na vikao vya aina hiyo unamrudisha nyuma mtafiti asiye na kosa. Hilo siwezi kulinyamazia.

Bembelezi ni fasihi. Kila aliyefanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne anajua hivyo. Basi msomaji akikuta katika tasnifu hii sura iitwayo "Mapitio ya Fasihi", atatarajia nini? Bembelezi zenyewe. Badala yake atawakuta Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Marekani waliochunguza malezi katika nchi ya Abagusii kati ya 1955 na 1957, na ambao kitabu chao cha 1966 kina jina la Nyansongo, lililopungukiwa na irabu moja tu kufanana na la mji wetu. Atakuta pia kitabu cha 1994 ambamo LeVine na wenzake walilirudia suala hilohilo. Hivyo ni vitabu vya elimujamii, si fasihi. Na mtafiti mwingine anayechunguza mbolea ya majani chai, akilazimishwa kutumia kichwa kilekile, atakuwa amewaahidi wasomaji hadithi na mashairi asiyokuwa nayo.

Kosa limetoka Kiingereza, na chanzo chake ni Kilatini. Neno la Kilatini *littera* ni herufi, na kutokana nalo Waingereza walipata neno moja, *literature*, la kutajia mambo mawili: sanaa ya maneno, na chochote kilichoandikwa kuhusu jambo fulani. Kiswahili hakikuwahi kuyachanganya. Fasihi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake hauna habari na herufi wala wino. Wanakamusi wa Kiarabu wanaeleza kwamba lilitumika kwa maziwa ambayo povu lake limetulia na kuondoka, yakabaki maziwa matupu. Kwa watu wa Borabu, wanaokama ng'ombe kila alfajiri, maana hiyo haihitaji ufafanuzi: povu hujaza mkebe na lisijaze kipimo. Kutoka kwenye maziwa neno likahamia kwenye usemi ulio safi, na kwetu likazaa fasaha na ufasaha kabla ya kuwa jina la somo. Hata lilipokuwa jina la somo, lilikumbatia simulizi, yaani sanaa isiyoandikwa kabisa. Neno lenye tawi zima linaloishi bila maandishi ndilo tumelitwika mzigo wa kutaja maandishi. Simjui mtetezi wa istilahi hiyo anayeweza kulieleza hilo mbele ya darasa bila kusita.

Mapitio nayo ni dhaifu. Anayepitia soko hajanunua. Mtafiti aliyeagizwa apitie hupitia kweli: Fulani alisema hivi, Fulani naye akasema vile, kurasa arobaini, kila aya ikianza na jina la mtu na mwaka. Nimesoma sura nyingi za namna hiyo, na naamini jina la sura limechangia kuziharibu.

Wapo wanaotaka uhakiki. Neno ni zuri, lina haki na hakika ndani yake, lakini limekwisha kuajiriwa na watu wa fasihi, na likirudi hapa litatuletea mkanganyiko uleule tunaoukimbia. Uchambuzi unahitajika katika sura ya data. Machapisho huacha nje tasnifu zilizolala kwenye rafu za maktaba bila kuchapishwa, na maandiko humpeleka msomaji kwenye Biblia. Kwa hiyo maandishi, na mbele yake upembuzi.

Mama yangu alipopembua wimbi hakuurusha ungo juu kwa nguvu. Huko ni kupepeta, na pepeta huuachia upepo uamue. Aliushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa mzunguko mdogo, changarawe zikajitenga ukingoni, akaziokota moja moja kwa ncha za vidole. Punje yoyote iliyomtia shaka aliiinua kwenye mwanga kwanza. Pembua ni kitendo cha macho na mkono, na mwenye ungo ndiye mwenye hukumu. Wapinzani wangu husema neno limechukuliwa na upembuzi yakinifu, ule unaofanywa kabla ya kujenga bwawa au kiwanda. Naona hoja hiyo inaniunga mkono. Huko pia ni kutenga linalofaa na lisilofaa kabla mtu hajatumia fedha na nguvu zake.

Neno tasnifu lenyewe linanishuhudia. Mzizi wake wa Kiarabu, uleule wa sanifu na msanifu, ni kupanga vitu kwa aina zake, na ndipo ukapata maana ya kutunga kitabu. Aliyeshindwa kutenga aina bado hajatunga tasnifu, hata akiwa na kurasa mia tatu.

Mwalimu huyu alilithibitisha kwa kazi yake. Pendekezo lake la kwanza lilihusu akina mama peke yao. Alipoyapembua maandishi ya LeVine, aliweka kando maswali yaliyokuwa yametungwa mbali, kwa mwongozo mmoja wa kutumiwa katika jamii sita za dunia, kuanzia Okinawa hadi Mexico. Akabakiza yale waliyoyaona kwa macho yao hapa. Humo akamkuta omoreri, mtoto mkubwa anayekabidhiwa kumlea mdogo wakati mama yuko shambani. Ikiwa omoreri ndiye anayembeba mtoto mchana kutwa, nani anaimba? Utafiti ukageuka pale. Alirudi kuomba idhini ya kuwarekodi watoto pia, na sehemu ya bembelezi alizokusanya mwisho hakuna mama aliyezitaja. Hilo ndilo pengo la utafiti, nalo lilionekana baada ya ungo kutikiswa.

Kuhusu matumizi nitasema machache. Kwa kila andiko uliza liliuliza nini, lilithibitisha kwa ushahidi gani, na liliacha nini; panga aya kwa hoja, si kwa majina; na ianze sura hii mapema, kabla hujaomba kibali cha utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa sababu huenda ikabadilisha mada.

Tulikaa hadi giza likaingia. Nilimwandikia ukurasa mmoja wa maelezo ya neno, auambatishe mwanzoni mwa sura, na nikamwambia kwamba akiona wanashikilia msimamo wao aandike wanavyotaka, kwa kuwa shahada ni yake na ugomvi ni wangu. Alikataa. Anarudi mbele ya jopo mwezi ujao, na kichwa cha sura amekipiga chapa upya kama kilivyokuwa.