Mapipa ya Araki

Shangazi yangu hupika araki, pombe kali ya kienyeji, hapa Juba, nami humchotea maji. Mtama uliooteshwa husagwa, huchanganywa na maji na kuachwa uchachuke. Kisha pipa huwekwa motoni, na mvuke hupita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi. Matone ya kwanza humwagwa. Kwa hilo hana mzaha.

Kazi hii aliijulia Khartoum. Septemba 1983 Rais Nimeiri wa Sudan alitangaza sharia ya Kiislamu, na pombe ikamwagwa katika Mto Nile. Mwaka huohuo vita kati ya kaskazini na kusini vilianza upya, na watu wa kusini wakakimbilia jiji lilelile lililoharamisha kileo. Bila shamba wala ajira, akina mama walipika araki ya tende. Wengi walichapwa viboko na kufungwa gereza la wanawake la Omdurman, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Naijua hatari ya kinywaji hiki, lakini wanawake hao nawaheshimu: araki ndiyo iliyolipa karo yetu.

Hapa Juba, mwaka 2009 kampuni ya SABMiller ilifungua kiwanda cha bia. Mwaka 2016 kikafungwa kwa kukosa fedha za kigeni. Shangazi hakuhitaji dola. Mtama aliununua soko la Konyo Konyo.