Zawadi ya Tumbaku kwa Askari Aliye Mbali



Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Leo tuzungumze juu ya zawadi iliyotolewa kwa moyo mweupe kabisa na watu wengi mno, kwa miaka mingi, kumbe ndani yake mlikuwa na deni ambalo aliyeipokea ndiye aliyekuja kulilipa. Zawadi yenyewe ni tumbaku waliyopelekewa askari waliokuwa vitani ng'ambo.

Tuanzie Uingereza, mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza miezi mitatu pale Binti Mfalme Mary, msichana wa miaka 17, alipowaomba wananchi wachange ili askari na mabaharia wapate zawadi ya Krismasi. Zilipatikana pauni zaidi ya 162,000. Kikatengenezwa kijisanduku cha shaba ya manjano, chenye sura ya binti huyo juu ya kifuniko. Ndani ya zawadi hiyo mkawa na wakia moja ya tumbaku, sigara 20, kiko na kiwashio, pamoja na kadi ya salamu. Asiyevuta alipewa peremende na penseli. Singasinga walipewa pipi za sukari na viungo, na wauguzi chokoleti.

Hadi Krismasi hiyo, zawadi zaidi ya 355,000 zilikuwa zimewafikia wenyewe. Kazi iliendelea hata shaba ikaadimika, na shehena ya shaba iliyoagizwa kutoka Marekani ikazama pamoja na meli ya Lusitania mwezi Mei 1915. Hata hivyo, mwisho wa yote vijisanduku vilifika milioni mbili na laki sita hivi.

Magazeti nayo hayakubaki nyuma. Gazeti la Weekly Dispatch la London lilianzisha mfuko wake wa tumbaku, na mchoraji Bert Thomas akauchorea picha ya askari anayewasha kiko huku akitabasamu, akimwambia Kaiser wa Ujerumani angoje kidogo. Picha hiyo moja ilisaidia kukusanya karibu pauni 250,000.

Utauliza, kwa nini tumbaku na si kitu kingine? Sababu ni rahisi. Tumbaku ni nyepesi, haiozi upesi, na gharama yake hata mfanyakazi wa kipato kidogo aliimudu. Na kule kwenye mahandaki, penye matope, panya na harufu ya maiti, ilimpa askari kitu cha kushika mkononi wakati akingoja amri. Mama aliyekaa nyumbani hakuweza kuzuia risasi. Aliweza kutuma sigara.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mambo yakawa yale yale. Ajabu ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na watu wengi waliopinga sigara. Jimbo la Kansas lilikuwa limepiga marufuku kuuzwa kwake tangu mwaka 1909. Chama cha Vijana wa Kikristo, YMCA, kilikuwa kimewahubiria vijana waziepuke. Lakini vita vilipopamba moto, chama hicho hicho kikawa kinazigawa na kuziuza kwa askari huko Ufaransa. Nani angethubutu kumnyima sigara kijana ambaye kesho huenda asiione jua? Mwaka 1918 jeshi la Marekani likaiingiza tumbaku katika posho rasmi ya askari. Kilichoanza kama hisani ya jirani sasa kikawa haki ya askari.

Katika Vita Kuu ya Pili, sigara zilifika hata kwenye kambi za mateka, pamoja na vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Mwingereza R. A. Radford, aliyetekwa Libya mwaka 1942, aliandika mwaka 1945 jinsi sigara zilivyogeuka kuwa fedha ndani ya kambi. Mkate, siagi na sabuni vilikuwa na bei yake kwa sigara. Usiku wa mashambulio ya ndege watu walivuta sana kwa hofu, fedha ikapungua, na bei zikashuka. Wako waliouza chakula chao, na njaa wanayo, ili wapate moshi.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo deni lilipoanza kujionyesha. Vita viliisha mwaka 1945, askari akarudi kwao, akavua magwanda. Sigara hakuivua.

Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uhusiano uliopo kati ya sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatoa taarifa yake iliyosema hivyo hivyo. Na bado sigara ziliendelea kutiwa katika posho ya askari wa Marekani mpaka mwaka 1975. Mwaka 2006 wachumi Bedard na Deschênes walionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vya ziada vya ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu, miongoni mwa askari wastaafu wa Vita vya Pili na vya Korea, ilitokana na uvutaji waliojifunza jeshini.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2010 Marekani ilizuia sigara kusafirishwa kwa posta, ili kuwabana wakwepa kodi na wanaowauzia watoto. Mtu mzima aliruhusiwa kumtumia mwenzake zawadi isiyozidi wakia 10. Lakini masharti ya kwanza ya posta yalitaka itumwe kwa njia ya haraka, ambayo haikufika kwenye anwani nyingi za kijeshi huko Iraq na Afghanistan. Jamaa za askari wakalalamika, na mwaka huo huo masharti yakalegezwa. Walisema, kama mtu anahatarisha maisha yake kila siku, sigara ni kitu gani?

Ni swali zito, na mimi simlaumu aliyeuliza. Wala siwalaumu akina mama wa mwaka 1914, maana hawakujua. Lakini sisi tunajua. Askari anayerudi salama ana miaka arobaini au hamsini ya kuishi mbele yake, na zawadi njema ni ile inayoihesabu na miaka hiyo. Soksi, barua, picha ya watoto, navyo huingia katika kifurushi.

Kutoa ni moyo, ndiyo. Lakini moyo nao uulize: huyu ninayempenda, ninampelekea nini?

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, majaliwa.