Barabara ya Bagamoyo, safari hii bila gari la ofisi

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshanitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Wiki iliyopita nilimpelekea mhariri wangu makala kuhusu makaburi, baiskeli na mwandishi mmoja wa New York wa karne ya 19. Aliisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mtoto aliyechelewa shule, kisha akanirudishia: "Habari iko wapi hapa?" Gazeti silitaji, ugali wangu unatoka pale. Basi naiweka hapa kibarazani, nanyi mtasema wenyewe kama habari ipo au haipo.

Ilianza hivi. Barabara ya kutoka Mwenge kwenda Bagamoyo nimeipita kwa gari la ofisi mara nyingi mno, kwenda kuripoti ufunguzi wa semina na kufungwa kwa semina. Ungeniuliza kuna nini njiani ningekujibu: matuta, trafiki na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kisha nikanunua baiskeli, Phoenix ya mtumba, kwa sababu foleni ilikuwa inanimalizia maisha. Jumapili moja nikasema leo naenda nayo Bagamoyo, zaidi ya kilomita 50, nikiamini kabisa kwamba ningerudi siku hiyohiyo. (Sikurudi. Tusiongelee miguu yangu.)

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Pancha ya kwanza nikaipata Kunduchi Mtongani. Fundi baiskeli pale chini ya mti alikuwa na foleni ya wateja watatu, akaniambia, "Kaka, kama unasubiri, nenda kaone magofu. Lakini usiende peke yako, vibaka." Akanipa kijana wake anisindikize.

Sasa nasema ukweli, mimi nina digrii ya chuo kikuu cha mjini hapahapa, na nilikuwa sijawahi kufika Kunduchi kuona magofu. Kuna mabaki ya msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na kuzunguka hapo kuna makaburi, mengi ya karne ya 18, baadhi yana nguzo ndefu kama zile za makaburi ya zamani kote mwambao. Kwenye kuta na nguzo hizo wazee walipachika bakuli za kauri kutoka China, kama pambo na kama tangazo kwamba aliyelala hapa hakuwa mtu wa hivihivi. Unachokiona zaidi leo ni matundu. Matundu ya mviringo, safi, mahali bakuli ilipokuwa. Kijana aliingiza ngumi yake kwenye tundu moja ikaenea sawasawa, akacheka. Mimi nilikuwa nawaza kwamba bidhaa za Kichina zilifika Kunduchi karne nyingi kabla Phoenix yangu haijatoka Shanghai, na za mwanzo zilikuwa imara kuliko hii, maana tyubu ilikuwa bado inazibwa kule barabarani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Thomas Stevens. Huyu bwana ni Mwingereza aliyehamia Marekani, na ndiye anayetambulika kuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Siyo baiskeli hizi zetu. Ilikuwa ile ya gurudumu moja kubwa mbele, kipenyo kama sentimita 127, na kigurudumu kidogo nyuma, ukianguka unaanguka kutoka juu kama mkwezi wa minazi. Aliondoka upande wa San Francisco Aprili 22, 1884, akafika Boston Agosti 4 mwaka huohuo. Mizigo yake ilikuwa soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema, na bastola. Mwaka 1885 akavuka kwenda Uingereza, akakatiza Ulaya na Uturuki mpaka Uajemi, akazuiwa Afghanistan, akazungukia baharini hadi India, kisha China, na akamalizia Yokohama, Japani, Desemba 17, 1886.

Kilichonivutia kwake si kilomita. Ni mambo aliyoyakuta kwa sababu tu alikuwa juu ya baiskeli. Kule Marekani njia nzuri ilikuwa reli, basi akawa anapita kwenye madaraja ya treni, na siku moja treni ikamkuta katikati ya daraja. Akajibanza kwenye ncha ya taruma, baiskeli ameining'iniza kwa mkono juu ya bonde, mpaka behewa la mwisho lilipopita. Huko Uturuki watu wa vijijini hawakumwacha alale mpaka awaonyeshe anavyoendesha. Tehran, Shah Nasir al-Din mwenyewe alitaka kuona. China mambo yakageuka, umati ukamrushia mawe, maana wageni kutoka Ulaya walikuwa wametoka kupigana nao vita, na wakubwa wa serikali wakalazimika kumkinga.

Na sasa sehemu ambayo mhariri wangu hakuifikia. Mwaka 1889 Stevens alitua Zanzibar. Safari hii hakuja kama mwendesha baiskeli, alikuja kama mwandishi wa gazeti la New York World. Henry Morton Stanley alikuwa anatoka bara na Emin Pasha, na magazeti mawili ya New York yalikuwa yanashindana nani atampata kwanza. Lile jingine lilikuwa New York Herald, lilelile lililomtuma Stanley mwenyewe kumtafuta Livingstone mwaka 1871, akianzia hapohapo Bagamoyo. (Wiki hizohizo World walikuwa pia wamemtuma Nellie Bly kuizunguka dunia kwa meli na treni. Wahariri wa enzi hizo hawakuuliza habari iko wapi, waliitengeneza.) Stevens aliingia bara na wapagazi, akamkuta Stanley njiani siku chache kabla msafara haujafika Bagamoyo Desemba 4, 1889. Usiku ule wa sherehe Emin Pasha, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani. Amevuka nusu ya Afrika salama, anakuja kuvunjika fuvu karamuni. Alipona, lakini aliuawa Kongo mwaka 1892.

Baiskeli ikawa tayari, nikaendelea. Tegeta, Boko, Bunju, kisha mteremko wa Mto Mpiji, ambapo Dar inaisha na Pwani inaanza. Kupanda upande wa pili nilishuka nikasukuma. Na hapo kivulini nikamkuta mzee mmoja amepumzika, baiskeli yake imeegemezwa kwa gongo, nyuma imefungwa magunia mawili ya mkaa kwa mipira ya tyubu. Yeye anaelekea Dar, mimi natoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Na wewe umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba chupa ya maji na kamera. Nikaona aibu kidogo. Nilijaribu kuinyanyua baiskeli yake kwa nyuma, ikagoma kabisa. Mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu alibeba karibu kilo 30 begani. Gunia moja tu la mzee huyu linazidi hapo.

Nikamuuliza huwa wanakutana na nini njiani. Akacheka. Alisema wao ndio wanaopita polepole, kwa hiyo kinachodondoka kwenye magari wanakiona wao. Ameshaokota namba ya gari, viatu vya mtoto (siku zote kimoja), gunia la machungwa lililopasuka, simu ambayo mwenyewe alipiga akaja kuichukua Mapinga na kumpa soda. Kisha akanyamaza, akakaza mpira mmoja uliokuwa umekaza tayari.

Akasema mwaka juzi walitoka watu wawili usiku, yeye nyuma. Wanatoka usiku kwa sababu ya jua, na baiskeli hazina taa. Mbele akaanza kuona mkaa umetapakaa kwenye lami, akadhani gunia la mwenzake limepasuka. Akaanza kuuokota, anauweka pembeni ili mwenzake asipate hasara. Aliokota kama hatua ishirini hivi ndipo akaiona baiskeli mtaroni, na mwenzake kando yake. Gari halikusimama.

Nikauliza swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza: magazeti yaliandika?

"Magazeti gani, kijana?"

Hakusema kwa hasira. Alisimama, akaniomba nimsaidie kuisukuma baiskeli mpaka ishike mteremko, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, akapanda, akaenda. Ukiwa nyuma humwoni mtu, unaona magunia tu yanatembea.

Nilifika Bagamoyo saa tisa mchana. Nilipitia Kaole, kilomita chache kabla ya mji, ambako kuna msikiti mkongwe kuliko wa Kunduchi, na bahari imesogezwa mbali na mikoko. Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958, na mwongozaji anaeleza vizuri, nendeni. Mjini nilipita misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874 baada ya kubebwa kutoka Chitambo na watu wake. Majina ya Chuma na Susi tunayajua. Waliobeba pamoja nao walikuwa wengi.

Usiku gesti nikafungua daftari ili niandike. Nilikuwa na tarehe ya Stevens kuondoka California, kipenyo cha gurudumu lake, mwaka wa Chittick. Ukurasa wa Mpiji una nusu ukurasa wa maneno ya mzee, yameandikwa haraka, na juu yake nimeacha nafasi ya jina. Sikumuuliza. Wala la mwenzake.

Jumapili ijayo narudi Mpiji alfajiri. Taa za baiskeli nimeshanunua mbili, moja yangu.