Profesa asiye profesa

Leo nawaletea mzee mmoja ambaye sisi wa ualimu tunapaswa kumjua: E. K. Chambers wa Uingereza (1866–1954). Ukigusa tu historia ya maigizo ya Kiingereza ya zama za kati, humkwepi. Na kumbe jamaa hakuwahi kuwa profesa hata siku moja!

Alisoma Oxford, halafu 1892 akaajiriwa idara ya elimu ya serikali, London. Akakaa huko mpaka alipostaafu 1926. Kazini ni mafaili ya elimu, utafiti ni kwa muda wake mwenyewe. 1903 akatoa The Mediaeval Stage, majuzuu mawili manene. Cha kuchekesha, alianza akitaka kuandika kitabu kidogo tu kuhusu Shakespeare, hiyo ikawa maandalizi. Kitabu chake kikubwa cha Shakespeare kikaja 1930!

Enzi hizo mji wa York uliigiza Biblia barabarani, kila chama cha mafundi na kipande chake: waunda meli walijenga safina ya Nuhu, waoka mikate waliigiza Karamu ya Mwisho. Yalitoka wapi hayo? Chambers alisema yalizaliwa kanisani, kwenye nyimbo za Pasaka za Kilatini, yakakua hatua kwa hatua hadi yakatoka nje, yakawa ya Kiingereza na ya raia.

1965 Mmarekani O. B. Hardison akaibomoa hoja hiyo. Alionyesha kuwa Chambers alipanga michezo kuanzia mepesi hadi migumu, bila kujali hati ipi ilitangulia kuandikwa.

Sasa je, kazi yote bure? Hapana. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya maonyesho, mji kwa mji, na kumbukumbu zake. Nadharia ilianguka, ushahidi ukabaki.

Hapo ndipo panaponigusa. Tukimaliza hapa wengi wetu tunategemea shule za kata, na watu wanasema huko ndiko usomi unakozikwa. Sawa, Chambers alikuwa London, maktaba ziko jirani. Lakini ngoma na wazee wa pale utakapopangiwa hawako London. Daftari moja lenye tarehe, kijiji, nani alicheza na nani alisimulia, tayari umeanza. Nadharia watakuja kubishana wengine.

Maoni ruksa, wadau. Tuko pamoja.